Uvira: Kupanda milima na mzigo wako mwenyewe, mchezo kwa wengine, maisha ya kila siku kwetu

Mtu anayesimama kwenye bandari ya Kalundu na kulipa ziwa mgongo anaona ukuta mmoja mrefu wa milima. Ni safu ya Mitumba. Chini, kando ya Tanganyika, mji wa Uvira uko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari. Juu, ndani ya milima ya Itombwe, kilele cha Mohi kinafika mita 3,475. Kati ya mji na kilele hakuna teleferiki, hakuna hoteli, na sehemu kubwa haina hata njia ya piki-piki. Kuna miguu tu.

Sehemu nyingine za dunia, ukuta kama huu umekuwa uwanja wa michezo. Watu wanafunga begi mgongoni, wanaingia msituni au mlimani kwa siku nyingi, bila gari la kuwafuata, bila mpishi, bila wa kuwabebea. Anayemaliza njia haraka kuliko wengine, jina lake linaandikwa. Kwetu, kutoka Uvira kwenda Bijombo, Minembwe au Itombwe, watu wamekuwa wakifanya safari ya namna hiyo tangu zamani, na hakuna anayewapima saa. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini sasa, wakati vita vimefunga njia nyingi za milima na vijana wengi wa mji wamekua wakiiona milima hiyo kwa mbali tu.

Sheria za mchezo

Wanaoshindana kwenye njia ndefu za milimani wamejigawa katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wanaosaidiwa: wana watu wanaowangoja njiani na chakula, nguo kavu na dawa. Kundi la pili ni la wanaojitegemea: hawana timu, lakini wanaruhusiwa kununua chakula kwenye duka lolote la njiani, au kuficha akiba yao mapema, mradi kila kitu wanachotumia kinaweza kupatikana na mtu mwingine yeyote. Kundi la tatu ndilo kali zaidi: unabeba kila kitu tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, na unachoruhusiwa kuchukua njiani ni maji ya mto tu.

Mwaka 2013, mwanamke Mmarekani Heather Anderson alitembea njia ya Pacific Crest Trail, kutoka mpaka wa Mexico hadi mpaka wa Canada, kwa siku 60 na saa 17, akijitegemea. Njia hiyo ina kilomita karibu 4,270. Maana yake alikuwa akimaliza kilomita 70 kila siku, peke yake, kwa miezi miwili.

Karibu na sisi kuna mfano wa Simon Mtuy, Mtanzania wa eneo la Kilimanjaro. Mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe, akafika kilele cha mita 5,895, akashuka hadi Mweka, yote kwa saa 9 na dakika 21. Chakula, maji na nguo zake alivibeba mwenyewe. Miaka iliyofuata wageni walikimbia mlima huo kwa muda mfupi zaidi: Kilian Jornet wa Hispania mwaka 2010, kisha Karl Egloff mwaka 2014, aliyepanda na kushuka kwa saa 6 na dakika 42. Lakini Mtuy alionyesha kwamba mtoto wa mlima anaweza kuandika jina lake kwenye mlima wake bila kungoja mtu wa kumbebea.

Waliotangulia hawakubeba

Historia ya safari kwenye pwani ya kaskazini ya Tanganyika imejaa majina ya wageni. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa nne mwaka 1858, wakitafuta chanzo cha Nile. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1871, Livingstone na Stanley walikuja kutoka Ujiji, nao kwa mtumbwi, wakahakikisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Upande wa Burundi, pale Mugere, jiwe lenye majina yao mawili na tarehe ya 25 mwezi huo bado linaonyeshwa kwa watalii. Miaka ya mwanzo ya karne ya 20, Rudolf Grauer wa Austria aliingia katika misitu ya milima kaskazini-magharibi ya ziwa kukusanya ndege na wanyama. Sokwe mkubwa wa mashariki mwa Kongo, yule anayeitwa gorila wa Grauer, amebeba jina lake hadi leo.

Wote hao walisafiri na wapagazi na wapiga kasia. Mchele, shanga, vitambaa, bunduki na masanduku ya vielelezo vilikuwa juu ya vichwa na mabega ya watu ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Kwa sheria za leo, safari hizo zingewekwa kwenye kundi la wanaosaidiwa, na msaada wenyewe ulikuwa mkubwa sana.

Miaka karibu mia moja baadaye, mlima huohuo ulimfundisha mgeni mwingine. Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1965, Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kutua Kibamba, upande wa Fizi, pamoja na kundi la kwanza la Wacuba waliokuja kuwasaidia waasi wa Simba. Kambi yao ya juu ilikuwa mlimani, na kila kilo ya chakula na risasi iliyofika ufukweni ilipaswa kupandishwa kwa mgongo. Katika kumbukumbu zake Che analalamika kwamba wapiganaji wengi walikataa kubeba, wakisema wao si magari. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa pumu na mteremko ulimtesa. Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo aliondoka kwa mashua. Sababu za kushindwa kwake zilikuwa nyingi, lakini swali la nani anabeba lilikuwa moja ya zile alizoziandika tena na tena.

Wanaobeba bila saa

Watu wanaobeba kila siku wako sokoni. Kutoka juu, viazi, maharage na maziwa vinateremka, na ng'ombe wanateremka kwa miguu yao wakiongozwa na wachungaji. Kutoka chini, chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, ndagala, nguo na dawa vinapanda. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko mgongoni mwa wamama, umefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na mara nyingi kuna mtoto mbele.

Kwenye Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi umewekewa kipimo cha kilo 20, na kuna mizani kwenye lango la hifadhi. Kwenye njia za Uvira hakuna lango wala mizani. Mama anapima kwa shingo yake: akiweza kusimama, anaenda. Maumivu ya mgongo na ya shingo yanakuja baadaye, na hayaingii kwenye bei ya viazi.

Kuna pia mzigo ambao haungoji siku ya soko. Mgonjwa mahututi, au mama ambaye uzazi umekwama, anateremshwa kwa tipoyi: vijiti viwili, kitambaa katikati, na vijana wanaopokezana. Kama mvua imenyesha, mteremko unakuwa matope, na wabebaji wanakwenda hatua kwa hatua. Mwanariadha wa Ulaya au Marekani mara nyingi ana kifaa kidogo cha satelaiti kifuani. Akivunjika mguu anabonyeza, na helikopta inaweza kuja. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mchezo na maisha ya huku. Mwanariadha amechagua kuwa peke yake, na anaweza kuacha. Mama wa Bijombo hakuchagua, na akiacha katikati ya njia hakuna wa kumchukua.

Hesabu ya mlima

Kwa kijana wa Kimanga au Mulongwe anayetamani siku moja kupanda kwa kujitegemea, jambo la kwanza ni hesabu, na haihitaji pesa nyingi.

Anza na muda. Mwaka 1892, Mskoti William Naismith alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Tuchukue mfano wa njia ya kilomita 20 inayopanda mita 2,200 kutoka ziwani. Kilomita zinakula saa 4, kupanda kunakula saa 3 na dakika 40. Jumla ni saa 7 na dakika 40, bila mapumziko na bila matope. Ukiwa na mzigo mzito, ongeza nusu: inakuwa saa 11 na nusu. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi, unafika saa kumi na moja na nusu jioni, nusu saa tu kabla ya giza. Mtu mwenye akili anaigawa safari hiyo kwa siku mbili.

Halafu baridi. Hewa inapoteza karibu digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wakati Uvira kuna digrii 28, mtu aliye mita 2,200 juu ya mji anaweza kuwa kwenye digrii 14, na hiyo ni mchana. Usiku inashuka zaidi. Wengi wanafikiri baridi inayoua ni ya barafu. Sivyo. Nguo zilizolowa, upepo na uchovu vinatosha kuuangusha mwili hata kwenye digrii 10. Dalili ni kutetemeka bila kukoma, kisha maneno kuvurugika, kisha mtu kutaka kukaa chini alale. Ukiona hivyo, simamisha safari, mvue nguo mbichi, mfunike kavu, mpe kitu cha moto na cha sukari. Kwa hiyo nguo moja kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, isiyoguswa hadi usiku, ina thamani kuliko kilo mbili zaidi za chakula.

Chakula nacho kinahesabika. Anayetembea na mzigo mlimani anaweza kuchoma kalori 3,000 hadi 4,000 kwa siku. Vyakula vya soko letu vinatosha kabisa: gramu 500 za unga wa muhogo zinatoa karibu kalori 1,750, gramu 150 za karanga karibu 850, gramu 50 za mawese karibu 440, na gramu 100 za ndagala kavu karibu 300. Jumla ni zaidi ya 3,300, kwa uzito wa gramu 800 tu. Siku nne ni kilo 3 na gramu 200. Ubaya wa bugali ni moto: mvua ikinyesha siku nzima, kuni hazishiki. Ndiyo maana sehemu ya chakula iwe ya kuliwa bila kupikwa, kama karanga za kukaanga, unga wa mahindi yaliyokaangwa, sukari na ndizi za siku ya kwanza.

Maji ni kilo moja kwa kila lita, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Uvira inajua kolera kuliko miji mingi ya Kongo, na mto unaoonekana safi unaweza kuwa umepita kijijini au kwenye malisho. Maji yachemshwe. Juu ya mita 2,000 yanachemka kwenye joto dogo zaidi, kwa hiyo yaachwe yachemke dakika 3 badala ya moja. Vidonge vya klorini ni vyepesi na vinaokoa kuni.

Ukijumlisha chakula, lita mbili za maji, blanketi, shitingi, sufuria ndogo, toroshi na nguo kavu, begi la siku nne linaweza kubaki kati ya kilo 10 na 13. Kwa mtu wa kilo 60, kilo 15, yaani robo ya uzito wake, ndiyo iwe mwisho.

Mito inahitaji tahadhari yake. Msimu wa mvua huku unaanza mwezi wa tisa hadi wa tano, na kiangazi ni kuanzia wa sita hadi wa nane. Mwezi wa nne mwaka 2020, mvua iliyonyesha milimani iliijaza Mulongwe na mito mingine, ikaua watu makumi na kubomoa nyumba nyingi mjini. Mto uleule ambao asubuhi unavukwa kwa kuruka mawe, jioni unabeba mawe yenyewe. Kanuni ya wapanda milima ni fupi: mto uliojaa haujaribiwi, unangojwa. Ndiyo maana chakula cha siku moja ya ziada kinabebwa hata kama safari ni fupi.

Na kabla ya kutoka, mtu mmoja mjini abaki na karatasi yenye njia yako, majina ya vijiji na saa ya mwisho ya kurudi. Mahali ambapo simu haishiki, karatasi hiyo ndiyo satelaiti yako.

Njia imefungwa na bunduki

Yote hayo yanafaa kujifunza. Lakini ukweli usemwe wazi: kwa sasa, kupanda Hauts Plateaux kwa mchezo si ujasiri, ni kujiuza. Tangu mwaka 2017, mapigano yameteketeza vijiji vingi upande wa Bijombo, Minembwe na Itombwe. Wakaazi wa jamii zote wamekimbia, ng'ombe wameibwa kwa maelfu, na njia za soko zimewekwa vizuizi na watu wenye silaha wa kila upande. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2025, vita vilifika Uvira yenyewe wakati AFC/M23 walipoingia mjini, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka kwenda Burundi. Wengi wao walifanya, bila kupenda, safari ya kujitegemea ya kweli: kubeba unachoweza, kuacha kingine, bila kujua njia inaishia wapi.

Mtu mgeni anayetembea mlimani na begi na ramani leo anaweza kudhaniwa mpelelezi, na hakuna saa nzuri ya kukimbia itakayomtetea kwenye kizuizi.

Kuna pia suala la msitu. Hifadhi ya Itombwe iliundwa mwaka 2006 kwa amri ya waziri, na wakaazi wengi walilalamika kwamba hawakuulizwa. Baada ya mazungumzo marefu na vijiji, mipaka mipya ilikubaliwa mwaka 2016, ikichukua zaidi ya kilomita za mraba 5,700. Ndani yake kuna gorila wa Grauer na bundi wa Itombwe, ndege aliyepatikana mwaka 1951 na asionekane tena mikononi mwa watafiti hadi mwaka 1996. Njia yoyote ya kutembea itakayochorwa huko siku za amani italazimika kupita kwanza kwa ICCN, kwa machifu na kwa wanakijiji, vinginevyo itarudia kosa la mwaka 2006.

Jirani ametuonyesha kwamba inawezekana. Rwanda ina Congo Nile Trail, njia ya kilomita 227 kando ya ziwa Kivu, kutoka Rubavu hadi Rusizi. Anayeitembea analala kwenye vijiji, ananunua chakula kwa wamama wa njiani, anamlipa kijana wa kumuongoza. Hakuna mlima wa ajabu kule kuliko wetu. Kilichopo ni usalama, alama za njia, na watu wanaokubali kwamba mgeni akipita kila mmoja anapata kitu.

Cha kufanya wakati wa kungoja

Vijana wa Uvira hawana haja ya kungoja amani kamili ili wajifunze. Shule na vikundi vya skauti vinaweza kufundisha kusoma ramani, huduma ya kwanza, kuchemsha maji na kupanga mzigo, papa hapa mjini. Vilabu vya riadha vinaweza kufanya mazoezi ya mzigo kwenye njia za wazi za kando ya ziwa, pale wakuu wa mitaa wanapothibitisha kwamba ni salama. Ujuzi huohuo unamwezesha kijana kumteremsha mgonjwa kwa tipoyi bila kumuumiza, au kuiongoza familia yake siku ya kukimbia bila kupoteza mtoto njiani.

Kwa wamama wanaopanda na kushuka, yanayohitajika yanajulikana: madaraja ya miti yaliyo imara kwenye mito, vituo vya afya vinavyopunguza safari za tipoyi, na vizuizi vya kutoza pesa kuondolewa. Hayo ni mambo ya serikali na ya wenye silaha, na yanaweza kudaiwa leo.

Siku mwanamke ataweza kutoka Kalundu na chumvi yake, akapanda hadi Minembwe na kurudi na viazi bila kulipa mtu yeyote mwenye bunduki, ndipo tutaweza kuzungumza juu ya mashindano. Na mashindano hayo yakianza, yeye awekwe kwenye mstari wa mbele, maana njia anaijua.